Kilio Kisicho na Mwenyewe

Gumbo nzima, kitongoji cha Juba, ilimjua Cirillo Lukudu kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Spika yake ilifungwa juu ya bomba refu la chuma, kando ya barabara ya Nimule iendayo Uganda, mdomo wake ukielekea sokoni, na upepo ukikubali ilisikika mpaka kitongoji jirani cha Sherikat. Desturi hiyo aliitoa Uganda, alikokaa ukimbizini miaka kumi na saba. Mbuzi amepotea, mtoto ameokotwa, chanjo ni Jumatano, fulani amefariki na bika iko nyumbani kwa fulani. Bika ndio msiba wenyewe, ule wa kukaa chini ya turubai siku tatu na zaidi, na Juba mtu asiyeonekana kwenye bika ya jirani huhesabiwa adui. Ndiyo maana watu walimsikiliza Cirillo kuliko walivyomsikiliza padri, na padri alilijua hilo wala hakununa.

Lakini habari ya kifo hakuipokea hivi hivi. Sharti aje mtu wa nyumba hiyo kwa miguu yake mwenyewe, aseme marehemu ni nani, mwana wa nani, na nani aliyemwona kwa macho. Ukimletea "wanasema", alikurudisha. Ukimletea kikaratasi, alikurudisha nacho. Watu walimtania kwamba hata malaika Gabrieli akishuka Gumbo, Mzee Cirillo atamwuliza kwanza anatoka kwa nani. Waache wacheke. Kule kambini Adjumani aliwahi kutangaza kifo cha kijana mmoja kwa neno la mpita njia, na mama wa kijana akaisikia habari akiwa kwenye foleni ya maji, akaanguka, asiamke tena. Jioni kijana akarudi na samaki mkononi. Mtu akishaona jambo kama hilo, hafundishwi tena.

Sasa, mwaka ule wa 2016 ulikuwa mwaka mbaya, na sitaupaka rangi. Mwezi wa saba bunduki zilipigwa mjini siku nne, na baada ya hapo watu wa Juba hawakuwa wale wale. Majirani walioombana chumvi walianza kusalimiana kwa mbali. Kufika mwezi wa kumi, kusafiri kwa gari kulikuwa kama kucheza kamari, na bado watu walisafiri, kwa sababu maisha hayangoji amani.

Jumanne asubuhi Teresina, binti pekee wa Cirillo, alipanda basi kurudi Uganda kwenye chuo chake cha uuguzi. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alipaswa kusafiri na Mogga, jirani na rafiki wa miaka mingi wa baba yake, na Cirillo mwenyewe ndiye aliyewakatia tiketi Jumapili, akasimama dirishani karani akiandika majina yao daftarini, moja chini ya jingine. Jumatatu malaria ikamwangusha Mogga. Cirillo akataka safari iahirishwe, Teresina akasema mtihani haumsubiri mtu, na mama yake, Betty, akamwunga mkono. Cirillo akanyamaza. Alikuja kujutia ukimya ule kuliko maneno yote aliyowahi kusema maishani.

Jumanne ikapita bila simu. Hilo halikuwa ajabu. Mtandao wa barabara ile ni kama mgeni, huja ukitaka wenyewe. Jumatano asubuhi Cirillo alimpelekea Mogga uji, akamkuta amejikunja chini ya blanketi akitetemeka, wakafarijiana kwamba msichana labda yuko mpakani kwenye foleni. Mchana pia hapakuwa na simu. Betty aliosha vyombo vilevile mara mbili.

Alasiri ndipo Laku alipokuja kwenye kibanda cha spika. Laku alikuwa kiongozi wa vijana wa bodaboda pale stendi, mtu wa miaka thelathini na kitu, mkarimu, mwenye maneno ya moto. Mdogo wake aliuawa mwezi wa saba na hakuzikwa, maana mwili haukuonekana. Nalisema hili mapema ili usimhukumu haraka: Laku hakutunga uongo. Uongo ulimkuta na kidonda, ukaingilia hapo. Nyuma yake walikuja vijana ishirini, na nyuma ya vijana soko zima.

"Mzee Cirillo, kaa chini kwanza," alisema, akabonyeza simu yake.

Ilikuwa sauti ya mwanamke analia. Alilia kwa Kiarabu cha Juba, kilio kizito cha kukata pumzi, kilio ambacho ukikisikia mwili unasisimka wenyewe. Alisema yuko porini, ametoka hai peke yake katika basi la Jumanne. Alisema watu arobaini na mmoja wamechinjwa, na akalitaja kabila la waliowachinja. Mimi sitalitaja hapa, kwa sababu kutajwa kwa jina lile ndiyo kazi yote ambayo sauti ile ilitumwa kufanya. Alisema amewafumba macho marehemu kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akaanza kuwataja. La kwanza lilikuwa jina la mfanyabiashara mmoja wa Sherikat, Gune. La pili:

"Teresina Cirillo Lukudu. Msichana mdogo. Alikufa akimwita baba yake."

Baada ya hapo Cirillo hakusikia kitu. Sauti iliendelea, midomo ya watu ilicheza, yeye alikuwa anasikia neno moja tu, baba, baba, baba. Betty alianguka kwenye vumbi na wanawake wakamshika. Mahali fulani kwenye umati mke wa Gune naye alikuwa anapiga kelele. Sauti ilimalizia kwa kuuliza kama wanaume wa Gumbo wamelala, wakati wauaji wanakunywa maziwa nyuma ya nyumba zao, na ikaagiza kila anayesikia awatumie wenzake ishirini kabla jua halijazama.

Nyuma ya nyumba. Hapo kila mtu alijua inasemwa nini. Nyuma ya mashine ya kusaga kulikuwa na ua mmoja mkubwa wa watu wa kabila lile, kama nafsi arobaini, wengi wao wanawake na watoto. Mkubwa wao alikuwa mjane aitwaye Nyakor, muuza maziwa. Nusu ya watoto waliosimama pale walilelewa na maziwa ya Nyakor.

Laku alitaka jambo moja tu: sauti ile iwekwe kwenye spika. Simu zenye bando zilikuwa chache, na wenye simu walikuwa wanabishana. Lakini kikitoka kwa Cirillo, ni kweli. Kikitoka kwa Cirillo, watatoka mpaka watu wa Sherikat. Vijana wawili walikuwa tayari wameshika mapanga. Mzee mmoja akasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na watu wakaitikia kwa vichwa. Lo, msemo huo umeua watu wengi kuliko tunavyopenda kukiri.

Cirillo aliuliza kwa sauti ndogo huyu mama ni nani, wa nyumba gani.

"Ni mama yetu, Mzee. Mama wa watu yetu wote," Laku alijibu. "Wewe kila siku unauliza nani ameona. Huyu hapa ameona. Binti ni wako. Unataka nini tena?"

Na kweli, angetaka nini tena? Tusidanganyane, Cirillo alitaka kuiweka. Alitaka iende mpaka mtoni, alitaka mtu mwingine aumie kama alivyoumia yeye, na kwa dakika ile hakujali ni nani. Uchungu wa mwana aujua mzazi. Aliwasha amplifaya kwa mkono wake. Spika ikakoroma juu ya bomba, na soko likageuka kuitazama.

Betty alijikokota mpaka mlangoni mwa kibanda. Vumbi lilikuwa limemshika usoni.

"Weka, Baba Teresina," alimwambia. "Mwanangu amekufa mimi sipo. Kama kuna mama aliyemlilia, wacha Gumbo imsikie huyo mama."

Cirillo akachukua simu ya Laku. Lakini kabla ya kuisogeza kwenye maiki aliiweka kwanza sikioni, peke yake, kwa sababu alitaka kulisikia tena lile neno baba. Akalisikia. Likamchoma upya palepale. Safari hii, kwa kuwa alikuwa ameshaumia, masikio yake yalibaki wazi, na jina la tatu likapita.

"Mogga Ezbon Loro. Mzee wa watu. Nilimfumba macho akiwa bado ananitazama."

Aliirudisha nyuma. Akasikiliza tena. Gune, Teresina, Mogga. Akaliona dirisha la karani, akaliona daftari, akaiona kalamu ikiandika Gune aliyekuwa mbele yao kwenye foleni, kisha Teresina, kisha Mogga, majina matatu matatu kama serikali inavyotaka, mtu na baba yake na babu yake. Mama huyu hakuwa amefumba macho ya mtu. Alikuwa, au aliyemtuma alikuwa, anasoma daftari la tiketi.

Na soko zima lilikuwa limeisikia sauti ile mara mbili tatu! Hakuna aliyefika jina la tatu. Kila mmoja alisikiliza mpaka jina la mtu wake, uchungu ukamziba masikio, akaanza kutafuta panga. Sauti ilijua itakuwa hivyo. Cirillo alishikwa na hasira ya namna nyingine kabisa, hasira baridi, na ndani yake kikaingia kitu kibaya zaidi, yaani tumaini: kwamba pengine Teresina yuko hai.

Alisogea kwenye maiki. Hakuiweka sauti. Alisema hivi:

"Mogga Ezbon Loro, wewe unayeumwa nyumbani kwako. Ukinisikia, inuka uje hapa. Watu wakuone."

Umati ukaguna. Laku akaidaka simu yake, akauliza mzee anafanya mchezo gani. Cirillo alisimama tu mlangoni mwa kibanda, mikono imeshika fremu mbili za mlango, na watu wakangoja. Kijana mmoja alikuwa analinoa panga kwenye jiwe, taratibu, kama mtu asiye na haraka.

Mogga alikuja. Alitembea huku amejifunga blanketi, mke wake akimshika kiwiko, jasho likimtoka, na watu wakampisha njia bila kuambiwa. Cirillo akamwomba Laku aipige ile sauti kuanzia jina la tatu. Laku hakutaka. Mke wa Gune ndiye aliyesema ipigwe. Ikapigwa, pale pale, na Mogga akaisikiliza habari ya kifo chake akiwa amesimama.

"Mimi iko hapa," Mogga alisema kwenye maiki, sauti imekauka. "Tangu juzi niko kitandani. Huyo mama amefunga macho ya nani?"

Hapo ungedhani mambo yameisha. Thubutu! Mtu aliyekwisha kushika panga haliweki chini kirahisi, ataona aibu. Laku aliinua mikono akasema sawa, jina moja limekosewa, mama wa watu amechanganyikiwa kwa hofu, nani asingechanganyikiwa, lakini arobaini wengine je? Kisha akamgeukia Cirillo mbele ya wote na kumwuliza swali la kweli.

"Na binti yako, Mzee? Yuko hai?"

"Sijui," alisema Cirillo. Spika ikalichukua neno hilo ikalipeleka mpaka barabarani. "Sijui kama mwanangu yuko hai. Sijui kama amekufa. Kama amekufa, sijui nani amemwua. Na huyu mama naye hajui, kwa sababu hakuwepo. Atakayekwenda nyuma ya mashine ya kusaga leo asiseme anakwenda kwa ajili ya Teresina. Mimi baba yake sijamtuma."

Jiwe la kwanza lilimpata begani. La pili lilipiga amplifaya. Mtu akazikata nyaya, spika ikafa katikati ya neno, na walimwita msaliti, wakamwita aliyenunuliwa kwa maziwa. Lakini mke wa Gune alikuwa amekwisha kugeuka kwenda nyumbani kupiga simu upya, na mwingine akamfuata, na mwingine, kila mmoja na tumaini lake dogo, na umati usio na wenye msiba hauna nguvu. Vijana kumi hivi walikwenda mpaka kwenye ua wa Nyakor, wakavunja lango, wakachoma kibanda kimoja cha nyasi. Hakufa mtu. Alhamisi watu wote wa ua ule walipanda malori mawili wakavuka daraja la mto kwenda mjini, na Nyakor hakumuaga yeyote. Ungekuwa wewe ungemuaga nani?

Betty alibaki amekaa palepale mlangoni. Cirillo alipoinama kumwinua, aliusukuma mkono wake.

"Umeninyang'anya hata yule mama," alimwambia. "Angalau alimlilia."

Hawakusemezana siku mbili.

Jumamosi, kabla ya saa sita mchana, alikuja Konga, taniboi wa lile basi, kijana wa kupanga mizigo na kufunga milango. Gari la jeshi lilimshusha barabarani. Alikuwa na bandeji mkononi na viatu visivyofanana. Alifuata desturi ya Cirillo bila kuulizwa, kwa sababu alikulia Gumbo: alisema ameona kwa macho yake. Basi lilisimamishwa na watu waliofunika nyuso. Waliuawa tisa. Gune alikuwa hai, hospitalini Nimule. Teresina alikuwa mmoja wa wale tisa, na Konga mwenyewe alisaidia kumzika kando ya barabara, pamoja na wengine, na padri wa pale aliwaombea.

Cirillo akamwuliza kama alimwita baba yake.

"Hapana, Mzee. Ilikuwa risasi ya kwanza. Hakumwita mtu."

Akamwuliza waliopiga walikuwa watu gani. Konga alifikiri sana. Alisema walizungumza Kiarabu, kama watu wote, na mmoja aliimba wimbo ambao Konga anaujua tangu utotoni, wimbo wa huku huku kwetu. Hakujua. Na kama Konga aliyekuwepo hakujua, basi.

Turubai la bika likasimikwa uani. Spika ilikuwa haijatengenezwa, kwa hiyo Cirillo alizunguka mwenyewe kwa miguu, nyumba kwa nyumba, akitaja jina la binti yake na la kwake na mahali bika ilipo. Wengine walimfungulia mlango, wengine walimsikiliza wakiwa ndani kimya. Siku ya kwanza viti vingi vilikaa vitupu. Alikuja Mogga, malaria ikiwa bado machoni, alikuja padri, walikuja wanawake wa ushirika wa Betty, alikuja mke wa Gune, ambaye alilia kwa shukrani na kwa aibu, hata hakujua analia nini. Betty alilia tangu asubuhi. Kilio chake kilikuwa cha kweli, kibaya kusikia, hakikuwa na maneno hata kidogo, na Cirillo upande wa wanaume alikisikia akajua tofauti yake na kile cha kwenye simu. Alijilaumu kwamba hakuijua tangu mwanzo.

Siku ya pili akaja Laku na vijana wake kumi na wawili. Alimpa Cirillo mkono kwa adabu, macho yake mekundu, akasema pole, na pole hiyo ilitoka moyoni. Kisha akavuka kwenda upande wa wanawake, akachuchumaa mbele ya Betty, akaitoa simu na kuiinua usawa wa uso wake.

Betty alikuwa katikati ya kilio. Aliiona ile taa ndogo nyekundu ya kurekodi. Kilio kikakatika kooni kama maji yaliyofungwa bombani.

"Zima," alisema.

"Mama, wacha dunia isikie. Safari hii ni kweli. Mzee mwenyewe hawezi kukataa."

"Ndiyo maana zima," Betty alisema. "Huyu nimemzaa mimi. Kilio chake hakitoki hapa kwenda kuchinja watoto wa mtu."

Laku hakuzima. Pengine mkono ulikataa, pengine alifikiri mama wa watu atalegea, uchungu utamshinda, maana uchungu humshinda kila mtu. Betty aliishika lawa yake, ile nguo iliyofungwa begani, akaikunja na kuiuma kwa meno. Machozi yalimtoka, mabega yakapanda na kushuka, sauti haikutoka. Wanawake wengine walitazamana. Hakuna anayelia kwa sauti kumpita mwenye mtoto, hiyo si adabu, kwa hiyo mmoja mmoja nao wakanyamaza, mpaka chini ya turubai lote pakawa hapasikiki kitu ila magari ya barabara ya Nimule.

Cirillo alinyanyuka akaenda kusimama nyuma ya mkewe. Alitaka kumwambia, lia, Mama Teresina, lia mwanamke, una haki ya kumlilia mwanao. Akaangalia simu. Bado ilikuwa imeinuliwa, na hakumwambia.